Choo Nilichoazima kwa Rika Langu

Mimi si mtu wa kuamini kirahisi, na sitaki kuusingizia uzee. Nilikuwa hivi tangu ujana. Miaka mingi nilikagua majani mabichi kwenye kituo cha kupokelea chai hapa Kyimo, na kazi ile ndiyo iliyonikomaza. Mtu analeta gunia, juu kajaza majani laini ambayo ungedhani yamechumwa na malaika, ukitia mkono hadi chini unakuta magumu kama mkeka, tena kayamwagia maji yapate uzito. Na huku anakuamkia, "Shikamoo mzee, ndaga fijo," anakushukuru sana kwa Kinyakyusa, meno yote nje. Ndiyo maana nikawa mtu wa kutia mkono hadi chini. Mke wangu husema hata akinimiminia chai, naichungulia kwanza kabla ya kunywa.

Binadamu mmoja tu sikuwahi kumkagua, naye ni rika langu. Kwetu Unyakyusa rika si rafiki wa kuokota njiani. Huyu tulichunga naye ng'ombe, tukabatizwa siku moja, tukaoa mwaka mmoja, na shamba lake la migomba limepakana na langu. Tukila, sahani ni moja. Mambo ambayo siwezi kumwambia mke wangu, yeye anayajua, na mengine anayajua kabla sijamwambia. Mdomo wake haujui kunyamaza, ana utani hadi msibani.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Isongole kununua mbegu za viazi, na wakati narudi bodaboda niliyopanda ikateleza kwenye matope. Mguu ukavunjika mara mbili. Nikapelekwa hospitali moja mbali na wilaya yetu, jina sitalitaja, nikalala huko wiki saba. Kidonda kilichimba, nikachomwa sindano za kila aina; hii ikishindwa, wanaleta nyingine. Mke wangu magoti yake hayamruhusu safari za namna hiyo, basi rika langu akaacha ndizi zake zikiivia shambani akaja kuniuguza. Alinigeuza, alinifuta, alishika chombo cha haja, akaenda kukimwaga, akarudi tukatia mikono kwenye bakuli moja la ugali. Nikiona aibu ananiambia, "Gwe, kula! Hapa mimi nimeajiriwa bwana afya." Maji ya bomba pale yalikuwa ya zamu, na sabuni tulikuwa tukiiwekea akiba ya kufulia. Wakati huo sikuliwazia jambo hilo hata kidogo.

Sasa nieleze habari za mkamwana wangu, maana bila yeye hakuna kisa. Mke wa mwanangu mkubwa amesomea maabara, anafanya kazi hospitali hapa Tukuyu. Na kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wanagombana, la, ni heshima. Akinisikia nakuja njiani anaingia migombani hadi nipite. Jina langu halitamki. Chakula akipika, huletwa na mwingine. Choo chake na changu ni mbalimbali, na hilo ndilo la kwanza kabisa. Siku hizi vijana wamelegeza, na hata kanisani wazee wanasema tusikaze sana, lakini mimi sikulegeza, na yeye pamoja na shahada zake hakulegeza. Miaka tisa nilikuwa nimeona kisigino chake na pindo la kanga tu. Kwa heshima, binti yule simtii dosari.

Mwaka jana mkojo ukaanza kunisumbua. Unakwenda, unasimama, unangoja, kinatoka kijiko kimoja. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akasema ni tezi dume, na kwamba atachukua kipande kidogo kwa sindano akakipime kama kina saratani. Nikamuuliza sindano inapitia wapi. Akaniambia. Loo! Nilinyanyuka kwenye kiti.

"Kaa mzee wangu," akasema. "Kabla ya hapo nataka choo chako. Wewe ulilazwa wiki saba, ukapigwa antibayotiki nyingi. Watu wa namna hiyo mara nyingi wanatoka hospitali na vijidudu sugu tumboni, ambavyo dawa za kawaida haziviui. Vinakaa humo kimya, havikuumi, hujui kama unavyo. Ila sindano ikipita kwenye ukuta wa utumbo inaweza kuvibeba ikaviingiza kwenye damu, na hapo ni hatari. Nikijua mapema unavyo, nakupa dawa nyingine."

Akanikabidhi kikopo chenye kifuniko chekundu, ndani yake kijiko cha plastiki, juu kimebandikwa jina langu kwa herufi kubwa. "Ukishaweka, peleka maabara."

Maabara! Nilitoka pale nimeshika kikopo ndani ya mfuko wa koti kama mwizi. Huko maabara kuna nani? Si yeye? Mtu ambaye hatakiwi kuona hata kivuli changu, leo afunue kifuniko, achote, apake kwenye visahani vyake, akiangalie kwa darubini! Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, sawa, lakini mimi nilikuwa sijafa.

Tena nikaanza kushuku. Wagonjwa tulikuwa wengi kwenye benchi, kwa nini mimi tu ndiye niliyepewa kikopo? Nani alimwambia daktari habari za wiki saba, kama si mwanangu? Na choo cha mtu, jamani, wazee wetu hawakukiacha ovyo hata siku moja. Kikiangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya, umekwisha. Mimi ni Mkristo, nasali, lakini kusali si kufumba macho.

Nikaenda kwa rika langu. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikamweleza yote, kikopo mkononi.

Aliacha kukamua. Alicheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. "Haki ya Mungu! Watu huazimana jembe, huazimana koti la harusi. Wewe unaazima mavi!"

"Punguza sauti, mkeo atasikia."

"Acha asikie, ajue mume wake ana mali." Akafuta mikono kwenye suruali, akakichukua kikopo, akalisoma jina. "Na mimi nikipatikana nina mimba?"

"Wewe umekaa na afya miaka yote, hujalazwa hata siku moja. Choo chako ni safi. Wataona safi, wataniacha."

Ndivyo nilivyofikiri. Asubuhi yake akaniletea kikopo kwenye mfuko wa nailoni, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, huku anaimba wimbo wa sadaka. Nikakipeleka Tukuyu kwenye mvua. Pale maabara kuna kidirisha. Nikachungulia, nikaona koti jeupe limegeuka upande wa pili, nikakitua kikopo na kukimbia na mguu wangu mbovu.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Daktari akayasoma, akatikisa kichwa. "Nilihisi. Unavyo. Dawa tano za kawaida hazivigusi." Sindano nilichomwa kwa kinga ya dawa nyingine, ya kupitisha kwenye mshipa, na kwa neema ya Mungu kipande hakikuwa na saratani. Tezi imevimba tu. Akanipa karatasi yenye muhuri: "Mzee, hii usiipoteze. Popote utakapolazwa, iwe ni kupasuliwa au kuwekewa mpira wa mkojo, itoe kabla hawajakugusa. Ndiyo itawaambia watumie dawa gani."

Nikaikunja. Karatasi ina jina langu, na mwenye vijidudu ni mtu mwingine. Nilitembea hadi nyumbani nikipanga washukiwa. Wa kwanza rika langu: si nilishamwona akifungua vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili na kumwaga unga kwenye maji ya kuku? Ndiye aliyejiletea. Wa pili mkamwana: pengine alitambua kikopo, akaona aandike chochote ili kazi iishe. Wa tatu hao madaktari wenyewe, pengine kila mtu wanamwandikia hivyo hivyo wapate kutumia dawa zao mpya. Mimi mwenyewe sikujiweka kwenye orodha.

Rika langu akauliza, "Vipi, mavi yangu yamefaulu?"

Ningemwambia nini? Kwamba ana kitu kibaya tumboni? Angeuliza kimetoka wapi, angekwenda kupimwa, angesema kwa nini amekwenda, na mdomo ule ungefika maabara siku hiyo hiyo. Nikamjibu, "Safi kabisa."

"Nilijua! Choo cha mtu wa Mungu." Akatembea siku nzima anajisifu.

Miezi mitano ikapita. Alhamisi moja, mkewe akanipigia simu analia: mzee amebeba mkungu wa ndizi, ngiri imetoka, hairudi, anatapika. Kumbe alikuwa nayo zamani, akiificha. Tukampakia kwenye gari la jirani hadi hospitali ya Tukuyu. Wakampasua mchana ule ule. Utumbo ulikuwa umejinyonga, wakakata kipande wakaunga. Alitoka salama. Nikashukuru Mungu kwa sauti pale kwenye korido.

Ijumaa nikaenda kumwona. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, na macho yake hayakunitambua mara moja. Daktari wa zamu akamwambia mkewe, "Homa imepanda kidogo. Amepata antibayotiki, tunasubiri zifanye kazi."

Nikiwa nimesimama pale, likaniingia akilini moja kwa moja, bila kuzunguka: hazitafanya kazi. Utumbo umekatwa, vilivyokuwa humo vimemwagika ndani, na dawa wanayompa imeandikwa kwenye karatasi yangu kwamba haiviui. Karatasi iko nyumbani kwangu, kwenye bahasha. Ina jina langu. Nilijua. Sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Basi kwa nini sikusema? Nitasema ukweli, maana nimeamua kuuandika. Niliogopa. Nilimwona mkamwana akiitwa ofisini: "Kumbe baba mkwe wako alileta choo cha mtu mwingine, na wewe hukujua?" Nilimwona akifukuzwa kazi. Nilimwona mwanangu akinitazama. Nikaona polisi, kwa kudanganya serikali. Nikaona wodi nzima ikicheka: yule pale, mwazima mavi. Na juu ya yote nikajitetea kwa ile tabia yangu: pengine majibu yale yalikuwa ya uongo, pengine homa ni ya kawaida, pengine kesho itashuka. Mtu ninayeshuku kila kitu, siku hiyo nikashuku hata lile nililolijua.

Jumamosi nilirudi. Homa haikushuka. Tumbo lilikuwa gumu, na kwenye bandeji kulikuwa na harufu. Nikamwita nesi pembeni. "Binti, mpeni huyu dawa kali zaidi."

"Kali ipi, baba?"

"Ile ya kupitisha kwenye mshipa. Ya watu wenye vijidudu sugu."

Akanitazama. "Baba, ile haitolewi kwa kubahatisha. Daktari ametuma usaha ukapimwe, majibu yatachukua siku. Kuna kitu unakijua?"

"Hapana," nikasema. "Nauliza tu."

Rika langu alikuwa akitetemeka. Nikamfunika blanketi, nikakaa kwenye kiti kando yake hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nililia njiani, na waliniona, wakadhani nina huruma.

Jumapili nilikwenda ibadani na karatasi mfukoni. Hata leo sijui mahubiri yalihusu nini. Mke wa rika langu alikuwa amempigia mke wangu asubuhi kusema mumewe ameanza kuweweseka, anaita ng'ombe wa utotoni kwa majina. Ng'ombe wale nilikuwa nikiwajua wote. Tulipotoka kanisani sikusubiri kusalimiana na mtu, nikapanda bodaboda, mimi niliyeapa sitapanda tena, nikamwambia kijana akimbie.

Kwa daktari sikwenda. Simfahamu daktari wa zamu, angeniuliza maswali kumi. Nilikwenda maabara, kwa sababu ndiko choo kile kilikopita na ndiko kunakojulikana. Mlango ulikuwa wazi. Mkamwana wangu alikuwa peke yake. Alinyanyua kichwa, akaniona mlangoni, na mara ile ile akapotea chini ya meza. Mwanamke mwenye shahada, koti jeupe, glavu mikononi, amechuchumaa nyuma ya meza ya chuma kwa ajili ya heshima yangu. Niliona ncha za viatu vyake. Moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Mwanangu," nikasema, "usiinuke. Nisikilize hapo hapo ulipo. Kile kikopo cha mwaka jana chenye jina langu, kile choo hakikuwa changu. Nilikuonea wewe aibu. Kilikuwa cha rika langu, aliyelazwa wodi ya wanaume, aliyepasuliwa ngiri. Anakufa. Vijidudu mlivyoviona ni vyake."

Nikasikia anapumua. Kisha akainuka, taratibu, akanitazama usoni. Kumbe ana alama ndogo kwenye shavu, kama ya mjukuu wangu.

"Baba," akasema, "rudia. Kile choo ni cha nani?"

Nikarudia. Nikampa karatasi. Hakunilaumu wala hakunipa pole. Alipita kando yangu karibu sana hata koti likanigusa, akakimbia kuelekea wodini, na mimi nikabaki mlangoni mwa maabara nimeshika kofia.

Dawa ilibadilishwa mchana ule. Jumatatu wakampasua tena, wakasafisha, wakakata utumbo mwingine. Siku nne hatukujua kama atabaki. Mkamwana hakufukuzwa kazi, polisi hawakuja, na wodi haikucheka. Yote niliyoyaogopa hayakutokea hata moja.

Alichonitaka mkamwana ni kimoja. Alinitumia kikopo kupitia kwa mwanangu, na ujumbe: "Sasa baba alete cha kwake." Nikapeleka. Majibu yakaja: vijidudu vile vile, vinavyokataa dawa zile zile tano. Yule daktari mwenye miwani akanieleza bila kunificha. Haapi, akasema, mtu huweza kuviokota popote, lakini akiambiwa aseme anavyodhani, mimi nilivitoa hospitali ya mbali na rika langu alivitoa kwangu, kwenye kile chombo alichokuwa akikimwaga na bakuli tulilokuwa tukichangia. Kuku wake hawakuhusika. Nilikaa pale nikatafuta mtu wa kumshuku, sikumpata.

Wiki ya tatu rika langu akaweza kukaa kitandani na kunywa uji. Amekonda, shingo imekuwa ya kuku, lakini utani ulikuwa umeanza kurudi. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilimdanganya niliposema safi. Nilimwambia kwamba vijidudu alivipata kwangu, siku alizokuwa akiniuguza.

Akanywa funda la uji. "Hilo la kunidanganya, mavi ya kale hayanuki. Na hilo la kuniambukiza, ulikuwa hujui. Mimi ndiye niliyekuja, hukuniita." Akanipiga begani kidogo kwa mkono usio na mpira wa dripu. Nikaona nimepona mimi.

Kisha akauliza, "Ila ulijua lini?"

"Nijue nini?"

"Kwamba homa ile ni ya hivyo vijidudu. Kwamba karatasi yako ndiyo yangu."

Ningeweza kusema Jumapili. Hakuna aliyekuwa akijua isipokuwa mimi. Lakini kwa mtu huyu sikuwahi kujifunza kupanga majani laini juu.

"Ijumaa," nikasema.

"Ukamwambia mkamwana wako lini?"

"Jumapili. Baada ya ibada."

Aliweka kikombe juu ya kabati, akakitazama. "Jumamosi ulikuja hapa," akasema. "Nakumbuka kama ndotoni. Nilikuwa nasikia baridi, ukanifunika."

"Ndiyo."

Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeyaweka tayari maelezo yangu, ya aibu, ya mila, ya kazi ya mkamwana, na hakuyaomba hata moja. Mkewe akaingia na nguo alizozianua. Rika langu akamsubiri aziweke, akamwambia yeye, hakunitazama mimi:

"Mwambie apumzike nyumbani, asisumbuke tena kuja. Wewe utatosha."